Maradhi ya Kusahau Uzeeni ni Jambo la Mji Mzima

Katika mtaa mmoja tunaoujua yuko maalim wa chuo aliyewasomesha watoto wa hapo kwa zaidi ya miaka arobaini. Wengi wa wanafunzi wake leo ni watu wazima wenye mvi, na baadhi yao wamekwisha kupata wajukuu. Siku moja, mvua za vuli zilipokuwa zikianza, maalim alitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri akaelekea nyumbani kwake, mwendo wa hatua mia mbili hivi, njia aliyoipita maisha yake yote, wala hakufika. Alionekana saa nne ya asubuhi karibu na soko la samaki, kanzu imelowa, viatu hana, akiwauliza wapita njia habari za rafiki yake aliyekwisha kufa zamani. Kijana aliyemwona alikuwa mwanafunzi wake. Akamshika mkono akamrudisha, na njia nzima maalim akawa anamwita kwa jina la baba yake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii. Nyumbani kwake waliona haya. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayemtazama, alisema, "Baba kazeeka tu, ni mambo ya umri." Jirani mmoja akanong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Mwingine akasema kuwa aliyehifadhi Kitabu hawezi kufikiwa na hali kama ile ila awe na lake alilolificha, na kwa kusema hivyo akaiongezea familia ile huzuni juu ya huzuni. Hakuna hata mmoja aliyelitaja neno ugonjwa. Ikapita zaidi ya mwaka maalim hatoki. Mlango wa uani ulitiwa kufuli, na waliokuja kumjulia hali waliambiwa amelala.

Wasomaji wetu wengi wanayajua mambo haya, kwani jamaa ambazo hazijapata kuwa na mzee wa namna hii ni chache. Tunachotaka kukieleza ni kitu kisichojulikana sana. Maradhi haya, ambayo madaktari huyaita demensia, hayangoji kupiganiwa kitandani pa mzee aliyekwisha kusahau. Sehemu yake inayoweza kuzuiwa huzuiwa na mji mzima, kwa mambo yafanywayo na watu wote pamoja, na mengi ya hayo hufanywa miaka ishirini au thelathini kabla mzee hajaipoteza njia ya nyumbani kwake.

Uzee ni kimoja, ugonjwa ni kingine

Imepokewa kwamba Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha watafute dawa, akaeleza kuwa kila maradhi yamewekewa dawa yake isipokuwa jambo moja, nalo ni uzee. Basi wako watu wanaoishika habari hii wakasema: mzee wetu amezeeka, na uzee hauna dawa, tutafute nini tena? Hoja hiyo ingesimama kama uzee na demensia vingekuwa kitu kimoja. Lakini sivyo.

Mgonjwa aliyeyafanya maradhi haya yajulikane katika elimu ya tiba hakuwa kikongwe. Alikuwa mwanamke Mjerumani, Auguste D., aliyepelekwa hospitali ya mji wa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51 tu. Hakuweza kuandika jina lake akalimaliza. Daktari Alois Alzheimer alimfuatilia, na alipofariki mwaka 1906 akautazama ubongo wake kwa hadubini. Aliona vipande vya uchafu vimejikusanya baina ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizojisokota. Mwaka 1910 ugonjwa huo ukapewa jina la daktari huyo katika kitabu cha mwalimu mmoja mashuhuri wa magonjwa ya akili, Emil Kraepelin. Huo ndio aina ya demensia iliyoenea zaidi. Aina ya pili hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingine kwa viharusi vidogo vidogo visivyotambuliwa na mtu. Na katika wazee wengi aina hizi mbili hukaa pamoja.

Tena, kama demensia ingekuwa uzee wenyewe, wazee wote wangekuwa nayo. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa vijijini katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Walipimwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa kufuata umri, walioonekana kuwa na demensia walikuwa 6.4 katika kila mia. Yaani katika wazee mia wa umri huo, tisini na zaidi wana akili zao timamu. Hata Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl na tena katika Sura Al-Hajj, inapotaja kurejeshwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa hata mtu asijue kitu baada ya kuwa anajua, haisemi kuwa hiyo ni hali ya wote. Yasema kuwa wako miongoni mwetu watakaofikishwa huko. Naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo.

Ama lile neno la jirani juu ya aliyehifadhi, lina asili yake. Baadhi ya wanavyuoni wa zamani walisema kwamba msomaji wa Kurani hatafikishwa kwenye hali hiyo. Hayo ni maneno ya kutia matumaini na kuhimiza usomaji, na sisi twayaheshimu. Lakini hakuna mwanachuoni aliyeyasema ili yawe fimbo ya kumpigia mgonjwa. Sheria imekwisha kumwondolea dhima mtu aliyeondokewa na akili. Sala iliyompita haandikiwi dhambi. Nani basi aliyetupa sisi ruhusa ya kumwandikia?

Kisima na wagonjwa wake

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia, na zaidi ya sita katika kila kumi wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Hawa hawawezi kutibiwa wote na daktari mmoja mmoja, hata fedha zingekuwapo, kwa sababu madaktari wenyewe hawapo.

Tuchukue mfano wa mji wenye kisima kimoja ambacho maji yake yameharibika kidogo. Atokee tabibu hodari awatibu wote waendeshao, mmoja baada ya mmoja. Jioni wamepona, na asubuhi wamerudi kisimani. Daktari Mwingereza Geoffrey Rose aliandika mwaka 1985 maneno ambayo yamewageuza fikira wengi. Alisema kuwa kuuliza kwa nini mtu huyu ameugua ni swali moja, na kuuliza kwa nini mji huu una wagonjwa wengi kuliko ule ni swali lingine, na majibu yake hayafanani. Alionyesha pia jambo linalowashangaza watu: kwamba wagonjwa wengi hawatoki katika wale wachache walio katika hatari kubwa, bali hutoka katika umma mkubwa wa watu walio katika hatari ndogo, kwa sababu hao ndio wengi. Kwa hiyo kuishusha hatari ya kila mtu kwa kidogo tu huweza kuokoa watu zaidi kuliko kuishusha sana hatari ya wachache. Taabu yake ni kwamba aliyeokolewa hajijui. Hakuna mtu atakayekuja kumshukuru mpishi wa mikate kwa kuwa hakupatwa na demensia.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la The Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Walikadiria kwamba kama yote yangeondolewa duniani, karibu wagonjwa 45 katika kila mia wangeepukwa au kucheleweshwa. Tuwe waangalifu hapa. Hiyo si ahadi kwa mtu yeyote. Yuko atakayefuata yote na bado akaugua, wala haifai kumsimanga. Tena si kila jambo katika orodha ile limethibitishwa sawasawa kuwa ndilo chanzo. Lakini ukiisoma orodha hiyo utaona kuwa mengi yako mikononi mwa jamii nzima kuliko mikononi mwa mzee mwenyewe: shule, usikivu wa masikio, mafuta mabaya katika damu, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, unene, kutojishughulisha kwa mwili, huzuni ya maradhi, kuumia kichwa, hewa chafu, upofu usiotibiwa, upweke, na ulevi. Hilo la mwisho wasomaji wetu wamekwisha kukingwa nalo kwa amri iliyo kubwa kuliko ya daktari, basi tulipite.

Je, yako mahali ambapo jambo hili limeonekana kwa macho? Yapo. Katika Uingereza wachunguzi walipita katika maeneo matatu, Cambridgeshire, Newcastle na Nottingham, kati ya mwaka 1989 na 1994, wakawapima watu wenye miaka 65 na zaidi. Walirudi maeneo yale yale kati ya mwaka 2008 na 2011. Kwa kuwa watu walikuwa wakiishi zaidi, ilitazamiwa wagonjwa wangekuwa 8.3 katika kila mia. Wakakuta 6.5. Katika miaka ile hapakuzuka dawa yoyote ya kuiponya demensia. Kilichobadilika ni watu wenyewe: kizazi kilichozeeka baadaye kilikuwa kimesoma miaka mingi zaidi, kilikuwa kimepunguza sigara, na shinikizo lao la damu lilikuwa likitibiwa.

Katika mji wa Framingham, Marekani, ambako wakazi wamekuwa wakichunguzwa tangu mwaka 1948, ilionekana vivyo hivyo; habari zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha kuwa wagonjwa wapya walikuwa wakipungua kwa karibu sehemu moja katika tano kila miaka kumi. Lakini yako maneno katika habari ile yanayotuchoma. Kupungua huko kuliwafikia wale tu waliokuwa wamemaliza shule ya sekondari. Wasiomaliza hawakupata kitu. Twaomba kila baba anayefikiria kumwachisha binti yake shule ayasome maneno hayo mara mbili. Anadhani anaamua juu ya mwaka huu na ujao. Kumbe huenda anaamua pia juu ya akili ya mwanamke huyo atakapokuwa bibi wa miaka sabini na mitano.

Waganga wa vijijini wa Uchina

Mfano uliotuvutia kuliko yote ni wa Uchina, kwa sababu unafanana na hali zetu. Mwaka 2018 ulianzishwa mpango katika vijiji 326 vya mashamba. Watu karibu 34,000 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wote wakiwa na shinikizo kubwa la damu, waliingizwa. Nusu ya vijiji viliendelea na matibabu yao ya kawaida. Katika nusu nyingine kazi ilikabidhiwa waganga wa vijijini, watu ambao hawakusoma udaktari wa chuo kikuu, bali wamefunzwa mambo ya msingi na wanaishi na wagonjwa wao kijiji kimoja. Walipewa maelekezo mepesi ya kufuata hatua kwa hatua: pima, anzisha dawa hii, rudia kupima, ongeza ile, nao madaktari wa juu wakawasimamia. Wagonjwa walipata dawa bure au kwa bei ndogo, wakapewa na mashine za kujipimia nyumbani.

Kwa muda wa miaka minne shinikizo la damu katika vijiji hivyo likashuka, kwa wastani, hadi chini ya 130. Kisha wagonjwa wa demensia wakahesabiwa pande zote mbili. Habari zake zilitolewa mwaka 2025: waliopatwa na demensia katika vijiji vya waganga wale walikuwa pungufu kwa 15 katika kila mia kuliko katika vijiji vingine. Dawa zilizotumika ni vidonge vya kawaida vya shinikizo la damu, vya namna iliyozoeleka duniani kwa miaka mingi. Hapakuwa na ugunduzi mpya hapo isipokuwa utaratibu.

Sasa tutazame kwetu. Katika wilaya ile ile ya Hai walipimwa shinikizo la damu watu zaidi ya elfu mbili wenye miaka 70 na kuendelea, na habari zake zikachapishwa mwaka 2013. Karibu saba katika kila kumi walikuwa nalo. Wengi wao hawakujua. Katika waliojua si wote waliokuwa wakitumia dawa, na waliotumia dawa hata shinikizo likadhibitiwa walikuwa wachache mno. Watu hupenda kusema kuwa presha ni maradhi ya matajiri wa mjini wanaokula nyama na kupanda motokaa. Wazee hawa ni wakulima wanaopanda na kushuka migombani kila siku.

Ukweli ni kwamba shinikizo la damu haliumi. Mtu hawezi kwenda hospitali kwa kitu asichokisikia, na ndiyo maana haifai kumngoja aje. Kipimo ndicho kimfuate alipo. Mashine ya kupimia ni kitu kidogo, na kumfunza mtu kuitumia ni kazi ya muda mfupi. Msikiti hukusanya wanaume kila Ijumaa, na darasa za wanawake hukusanya mama zetu; hatuoni kwa nini mashine isikae hapo. Lakini kupima bila dawa ni kumtia mtu hofu bure. Pale ambapo mgonjwa hupewa vidonge vya wiki mbili kisha akaambiwa dawa zimekwisha, arudi mwezi ujao, wa kulaumiwa si yeye, na haifai kumwita mkaidi.

Na chumvi je? Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, nacho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Mama wa nyumbani anaweza kuipunguza katika mchuzi, na kuwaambia watoto wasiinyunyize mezani kabla ya kuonja. Na samaki wa chumvi anaweza kumloweka na kumwaga maji yake. Lakini hana mamlaka juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa katika mkate wa duka na katika vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Hapo pana kazi ya serikali. Afrika ya Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013, zikaanza kutumika Juni 2016, zikiwawekea wenye viwanda kiwango cha juu cha chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani. Mlaji hakuombwa afanye lolote. Huko ndiko kukitengeneza kisima.

Wako watakaosema kuwa watu wetu hawawezi kuhamasishwa kwa mambo ya namna hii. Hao wamesahau mwaka 1973. Katika mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza mafunzo kwa redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Wengi wao walikuwa wamejifunza kusoma wakiwa watu wazima. Kama hayo yaliwezekana kwa malaria na kuhara, hatuoni sababu ya kutowezekana kwa damu na chumvi.

Mengine tutayapitia kwa haraka. Mtoto atokaye usaha sikioni asiachwe hata likauke lenyewe, kwani uziwi wa uzeeni mara nyingine huanzia hapo. Na mzee ambaye masikio yamekuwa mazito apelekwe akapimwe, kwa kuwa asiyesikia huacha kuzungumza, na asiyezungumza huachwa. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha huingia vifuani mwa wanawake kwa miaka hamsini. Serikali ya Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila mia kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na sisi tutakuwa tukiuuliza mkakati huo mwaka hata mwaka. Na vijana wa bodaboda wavae kofia ngumu, wao na abiria wao. Kichwa kilichopigwa leo hudai deni lake baada ya miaka mingi.

Waliokwisha kuugua

Mpaka hapa tumesema juu ya kuzuia. Maalim wetu hayo yamempita. Yeye tumfanyie nini?

Kwanza apelekwe hospitali, kwani kuna mambo yanayofanana na demensia ambayo hutibika: huzuni kubwa, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata mchanganyiko wa dawa nyingi anazotumia mzee. Kisha tuseme kweli kuhusu dawa. Vidonge vya zamani kama donepezil huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi, wala haviponyi. Dawa mpya iitwayo lecanemab ilipata kibali kamili Marekani mwezi Julai 2023. Wakati huo ilitiwa mshipani kila wiki mbili, mgonjwa sharti apigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa kuchelea uvimbe na damu, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza mwendo wa ugonjwa kwa 27 katika kila mia, haikuusimamisha. Hatuidharau elimu hiyo, na huenda watoto wetu wakaifaidi. Lakini taifa linaloingoja dawa hiyo na huku halijampima mzee wa Hai presha, limeuacha mlango wazi likapanda kutengeneza dari.

Kuna tiba nyingine isiyotoka chupani. Wataalamu wa London waliitunga, wakaichapisha habari zake mwaka 2003. Wagonjwa wachache hukaa pamoja mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, vikao 14 kwa jumla. Huzungumza, huimba, hutazama picha, husimulia habari za utoto, huhesabu fedha na kutambua vyakula, na anayewaongoza hamsahihishi mtu kwa ukali. Tiba hii ililetwa Hai, ikarekebishwa. Mazoezi ya kusoma na kuandika yalipunguzwa, kwa kuwa wazee wengi hawakupata shule, na wenye macho na masikio dhaifu wakafikiriwa. Ilijaribiwa kwa watu 34, na habari zake zikatolewa mwaka 2017: akili zao na raha ya maisha yao vilitengenea. Ni watu wachache, na hatutaki kulikuza jambo kuliko lilivyo. Lakini tulipousoma utaratibu wake tulitabasamu, kwa kuwa tuliuona ni baraza la wazee lililowekewa ratiba. Ni jambo ambalo babu zetu walikuwa nalo kila jioni, nasi twalivunja kila tunapojenga ukuta mrefu mbele ya nyumba.

Watunzaji nao wasisahauliwe. Mwenyezi Mungu amekataza, katika Sura Bani Israil, kumtolea mzazi aliyefikia uzee hata sauti ndogo ya kuchoka. Amri hiyo ni ya watoto wote. Mbona basi katika nyumba nyingi hutekelezwa na binti mmoja tu, aliyeacha biashara yake, anayeamka mara nne usiku, ilhali kaka zake hutuma fedha kidogo mwisho wa mwezi na kupiga simu kuuliza kama mzee ameoga? Serikali ya Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia miaka 70 pensheni, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ni msaada wa maana, kwani mzee mwenye chake hahesabiwi mzigo upesi. Lakini fedha haiwezi kumkalia mgonjwa ili binti alale.

Kwa maalim wetu mambo yamebadilika kidogo. Wanafunzi wake wa zamani walipopata habari kamili walikwenda kwa binti yake, wakamwomba radhi kwa kutokuja, wakapanga zamu. Asubuhi mmoja humchukua akamkalisha chuoni baina ya watoto. Majina ya watoto hayajui, na jana na leo vimemchanganyikia. Lakini mtoto akikosea irabu katika sura fupi, maalim huinua kidole, akamrudisha mwanzo wa aya. Binti yake hulala saa mbili.

Mwezi wa Shaaban vijana hao hao walimwomba mwuguzi mmoja aje msikitini na mashine baada ya sala ya Ijumaa. Watoto wa kiume watano wa maalim walipanga foleni pamoja na wenzao. Watatu kati yao walikutwa na shinikizo lililopita 140. Mkubwa wao, mwenye miaka 52, lilikuwa 178, naye akacheka, akasema mashine imeharibika. Ilirudiwa, ikasema vile vile. Binti hakupimwa siku hiyo, kwa kuwa foleni ilikuwa ya wanaume na yeye alikuwa nyumbani akifua nguo za baba yake. Alipimwa wiki iliyofuata katika darasa la wanawake. Lake lilikuwa 164.